Friji ya gari iliyogoma kupoza soda, kayamba, na joto linalokwama kwenye vizimba vya atomu

FundiWaSinza

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Wiki iliyopita jirani yangu aliniletea friji ndogo ya gari, zile za kuchomeka pale pa kuwashia sigara. Kainunua Kariakoo, kaambiwa inagandisha. Katoka nayo Dar hadi Chalinze, foleni ya Kibaha mnaijua, kufika soda bado ya vuguvugu. Akaniambia, "Fundi, nadhani gesi imeisha." Nikamjibu hii haina gesi wala kompresa. Hakuniamini mpaka nilipoifungua mbele yake.

Ndani kuna kigae cheupe cha sentimita 4 kwa 4, waya mwekundu na mweusi, feni moja ya nje iliyojaa vumbi, basi. Kigae kimeandikwa TEC1-12706. Nilikiingiza wembe pembeni taratibu kikaachia. Katikati ya vile vibamba viwili kuna punje zimepangwa kwa mistari kama madirisha ya ghorofa, rangi ya fedha iliyofifia, kila punje ndogo kuliko punje ya mchele. Zipo 254, yaani jozi 127, ndiyo maana ya ile 127 kwenye jina. Zile 06 za mwisho ni ampea 6. Punje hizo ni bismathi teluraidi. Ukizipitishia umeme zinahamisha joto kutoka kibamba kimoja kwenda cha pili. Mfaransa Peltier aliliona hilo 1834. Kinyume chake, yaani kupasha upande mmoja ukapata umeme, Seebeck alikiona 1821.

Sasa tatizo. Kati ya upande wa baridi na wa moto hapafiki hata milimita 4. Joto ulilolihamisha kwa umeme linarudi lenyewe kupitia punje zilezile. Ni kuteka maji kwa pakacha. Ili mtambo huu ufanye kazi ya maana unahitaji kitu kinachopitisha umeme vizuri na joto vibaya, na vitu hivyo ni adimu, kwa sababu kwenye metali wabebaji wa umeme na wa joto ni haohao, elektroni. Shaba inapitisha joto kwa kipimo cha kama 400 (wati kwa kila mita kwa kila digrii moja), kioo cha dirisha kama 1. Tunatafuta kitu chenye tabia ya shaba kwa umeme na ya kioo kwa joto. Nitaendelea, nakunywa chai kwanza.

BintiTandika

Nakaa siti ya mbele. Ila mkuu, kwani almasi si haipitishi umeme? Mbona nasikia inapitisha joto balaa?

FundiWaSinza

Umegusa penyewe, dada. Almasi, hata hii ya Mwadui, haina elektroni za kuzurura, lakini iliyo safi inafika karibu 2000, mara tano ya shaba. Wanunuzi wa vito wana kalamu inayogusa jiwe na kusikiliza joto linavyokimbia, mawe mengi ya bandia yanakamatwa hapohapo. Kwa hiyo kuna mbebaji mwingine wa joto, na huyo ndiye mada yetu: mtetemo.

Kwenye kitu kigumu atomu hazihami. Kila moja iko mahali pake, imeshikwa na jirani zake kama kwa springi, inatetema matrilioni ya mara kwa sekunde. Ukipasha upande mmoja, za upande huo zinatetema kwa nguvu zaidi, zinasukuma jirani, jirani wanasukuma wa pili. Hayo ni mawimbi, ndugu wa damu wa sauti, ila mengi yako juu mno kwa sikio. Nishati yake huja kwa vifurushi viitwavyo fononi. Ni kama bando la simu, nusu ya kifurushi hawauzi.

Joto litakalopita linategemea vitu vitatu: wimbi limebeba mzigo gani, linaenda mwendo gani, na linafika umbali gani kabla ya kugongana na jingine. Zidisha vyote, gawa kwa 3. Kwenye almasi atomu ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu, kwa hiyo mwendo ni mkali na migongano michache. Tena springi zingekuwa kamilifu kabisa mawimbi yangepishana bila kugusana na joto lisingekuwa na kizuizi. Peierls alilionyesha hilo 1929: ni ule ukaidi mdogo wa springi, kutorudi sawasawa unapozivuta sana, unaofanya mawimbi yagongane.

Swali likawa, tunayagonganishaje mawimbi bila kuziudhi elektroni? Katikati ya miaka ya 90 Mmarekani Glen Slack akaja na wazo zuri sana: tafuta fuwele (kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia) ambayo ni kioo kwa mitetemo na ni fuwele safi kwa elektroni. Na akasema tuangalie fuwele zenye vizimba.

Piga picha. Atomu 46 za galiamu na jemaniamu zimeshikana zikajenga vyumba 8, viwili vidogo vya pembe 20 na sita vikubwa vya pembe 24. Kila chumba kina mgeni mmoja, atomu ya bariamu. Kisha mpangilio huo unajirudia pande zote. Familia hii inaitwa klathreti. Bariamu 8, galiamu 16, jemaniamu 30. Na angalieni hesabu inavyofunga, mimi hapa ndipo nilipopenda: kila galiamu ina upungufu wa elektroni moja kulinganisha na jemaniamu, jumla upungufu ni 16. Kila mgeni anaingia na elektroni mbili mkononi, wageni 8, jumla 16. Wapangaji wamelipa deni la nyumba hadi senti ya mwisho.

Nyumba inabeba umeme. Mgeni hajafungwa vizuri, chumba kinampwaya, anacheza humo ndani kama mbegu kwenye kayamba. Wimbi la joto likipita linakutana na mbegu inayorukaruka, linatawanywa. Matokeo: jemaniamu tupu ni kama 60, hii yenye wageni ni kati ya 1 na 2. Kama kioo!

MtuWaBomba

Mkuu umeupiga mwingi. Ngoja nichangie kidogo, mimi niko upande wa gesi. Kwenye mafunzo tulifundishwa kuhusu haidreti za methani. Ni maji yaliyoganda lakini si barafu ya kawaida. Molekuli za maji zinajenga vizimba na methani inakaa ndani. Mwaka 1934 Hammerschmidt wa Marekani ndiye aliyeonyesha kuwa hizo ndizo zinazoziba mabomba ya gesi. Na kipande kimoja kamili kinachojirudia kina molekuli 46 za maji, vyumba vidogo 2, vikubwa 6. Nimesoma post yako nikashtuka. Namba ni zilezile?

FundiWaSinza

Zilezile kaka! Umbo moja kabisa, matofali tofauti. Na tabia ni ileile: barafu ya kawaida inapitisha joto kwa kama 2.2, haidreti ya methani inashuka hadi kama 0.5 au 0.6, yaani sawa na maji ya bombani. Fuwele imara inayopitisha joto kama kimiminika.

MtuWaBomba

Basi nimeelewa kwa nini ikishaziba bomba haiyeyuki haraka hata ukipasha moto. Mita moja ya ujazo inaficha kama mita 160 za ujazo za gesi, huwezi kukurupuka nayo.

Mchambuzi_Nguli

Uzi wa fizikia unafika mbali hivi bila mtu kuuliza unasaidiaje kushusha bei ya unga? Endeleeni, nasoma kimyakimya.

DadaWaMabibo

Kaka FundiWaSinza, hongera, umeeleza vizuri kuliko walimu wangu wengi. Lakini naomba nikupinge kwenye kayamba. Hiyo hadithi ni ya miaka ya 90, na iliingia dosari 2008.

Mitetemo hii huwezi kuiona kwa macho, unaipima kwa nyutroni. Nyutroni haina chaji, inapenya ndani ya fuwele, inakutana na wimbi, inaliachia nishati kidogo au inachukua. Ukijua iliingia na kiasi gani na imetoka na kiasi gani, unajua ndani imeacha ngapi. Ni kama mtoto uliyemtuma dukani, unahesabu chenji.

Mwaka huo Koza na wenzake, waliofanyia kazi Grenoble kule Ufaransa, walipima fuwele za ukoo mwingine wa vizimba, skuterudaiti. (Jina limetoka Skutterud, Norwe, palipokuwa na machimbo ya kobalti ya kutengenezea rangi ya bluu.) Zao zilikuwa za chuma na antimoni, wageni wakiwa lanthani na seriamu. Walitarajia kumwona mgeni anarukaruka kivyake. Wakakuta anakwenda hatua moja na kizimba chake. Mbegu inayokwenda hatua moja na tete la kayamba haipigi mlio, kaka.

Mwaka huohuo Christensen na wenzake wakapima hiyo bariamu-galiamu-jemaniamu yako. Mgeni ana mapigo yake, kama trilioni moja kwa sekunde. Wimbi la joto lenye mapigo ya chini linapita vizuri. Likikaribia mapigo ya mgeni, ungetegemea mistari yao miwili kwenye grafu, ile inayolinganisha mapigo na jinsi mawimbi yalivyobanana, ikatane. Haikatani. Inakwepana, na mstari wa wimbi unalala bapa. Mstari ukilala bapa maana yake wimbi limepoteza mwendo. Na jambo lililowashangaza ni kwamba mawimbi yalidumu muda mrefu kuliko hadithi ya kayamba ilivyotabiri. Hayakuwa yanavunjwavunjwa.

Kati ya vitu vyako vitatu wewe umelaumu umbali. Mkosaji mkubwa ni mwendo.

FundiWaSinza

Dada, kwa heshima zote. Wimbi lisipogonga kitu litachelewaje?

DadaWaMabibo

Daladala la Mbagala linalopakia kila kituo limegonga nani? Halijagonga mtu, ila wewe uliyewahi kulipanda niambie ulifika saa ngapi. Wimbi likiwa karibu na mapigo ya mgeni, nishati yake inashuka kwa mgeni, inacheza naye, inapanda tena, mbele kidogo inashuka kwa mgeni mwingine. Lipo zima, halijatawanyika. Halisogei tu.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko hata mgeni. Kipande chako kimoja kinachojirudia, vyumba pamoja na wageni, kina atomu 54. Kila atomu ina njia tatu za kutetema, jumla aina 162 za mawimbi. Kati ya hizo, zinazofanana na sauti na kukimbia kweli ni 3 tu. Zile 159 zimebeba sehemu kubwa ya mzigo lakini nyingi zinajikokota. Mzigo upo, magari yamesimama.

BintiTandika

Hapo kwenye daladala nimeelewa mimi ambaye fizikia niliiacha kidato cha pili.

FundiWaSinza

Nimerudi baada ya siku mbili. Kusema kweli nilichukia kidogo, maana kayamba ndilo lililonivutia kwenye somo hili tangu nikiwa chuo. Nikasema nisibishane kwa mdomo.

Uani kwetu kuna mwembe na nguzo ya kuanikia nguo, hatua kama kumi. Nilifunga kamba ya katani kwenye nguzo, mwisho wa pili nikaushika mwenyewe kwenye mwembe. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande 12 vyembamba, nikavining'iniza kwenye kamba kwa nafasi sawa, chini ya kila kimoja nati kubwa ya lori. Kamba ndiyo kizimba, nati ndiye mgeni, mpira ndiyo springi. Watoto wa jirani wakadhani nategesha ndege.

Nikatikisa kamba polepole juu-chini. Wimbi likaenda hadi kwenye nguzo, nati zote zikipanda na kushuka pamoja na kamba kama vile zimegundishwa. Hakuna mbegu inayorukaruka. Hapo nikaanza kuona aibu.

Nikaongeza kasi taratibu. Kuna mahali, kabla kidogo ya kufikia mapigo ya nati yenyewe, mambo yalibadilika. Nati tatu nne za karibu na mkono wangu zilianza kucheza kwa nguvu, kamba ikawa nzito kama imelowa, na wimbi likawa linatambaa. Nilimweka kijana kwenye nguzo ashike kamba aniambie akisikia. Mwanzo alikuwa anaita nikitikisa tu. Sasa nikawa natikisa, nahesabu moja, mbili, ndipo anaita. Nikaongeza tena kidogo, hakusikia chochote kabisa. Nati za kwangu zinaruka hadi moja ikachomoka ikanipiga kwenye ugoko. Nikapita hapo, nikatikisa haraka zaidi, mawimbi yakaanza kufika tena, nati zikabaki karibu zimetulia huku kamba inapita juu yao.

Najua mpira nao unakula nishati, na nati 12 si fuwele. Lakini kitu kilichochelewesha wimbi hakikuwa ajali. DadaWaMabibo, nimekubali. Post yangu ya kayamba nimeiacha hapo juu bila kuihariri ili watu waone nilikosea wapi.

DadaWaMabibo

Umenifurahisha kaka, pole na ugoko. Sasa usilitupe kayamba lote. Bariamu ni mkubwa, anajaza chumba na kukaa katikati. Ukimtoa ukaweka europiamu, ambaye ni mdogo, katikati panampwaya kweli, anajisogeza pembeni, na vipimo vilionyesha ana sehemu nne za kuegemea ndani ya chumba kikubwa, anahamahama kati ya hizo. Kwenye fuwele hizo, na za strontiamu alizopima Nolas na wenzake 1998, hata ukishusha baridi sana upitishaji joto unafuata tabia ya kioo. Fuwele ya kawaida ukiipoza upitishaji wake hupanda kwanza kabla ya kushuka. Hizi hazipandi. Kwa hiyo mgeni wa kupwaya yupo, na huyo anatawanya mawimbi. Kosa lilikuwa kumfanya kila mgeni awe hivyo.

Na skuterudaiti ya kobalti na antimoni tupu ni kama 10, ukiijaza wageni inashuka hadi 2 au 3. Watu bado wanagawana lawama humo: kiasi gani ni mwendo, kiasi gani ni migongano. Ukiniuliza, anayekupa jibu moja kwa fuwele zote anakuuzia friji.

Kibopa_Tabata

Wakuu mimi ni mtu wa hela. Pale Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme wa gesi, moshi unatoka wa moto mchana kutwa. Tusiyafunge haya madude kwenye mabomba ya moshi tukapata umeme wa bure?

FundiWaSinza

Bosi, Kinyerezi II walishakuwahi, kwa njia nyingine. Moto wa moshi unachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini ya pili, ndiyo maana inafika megawati 240. Mvuke kwa ukubwa ule unatupiga mbali, vigae hivi kwa kawaida vinakupa asilimia chache tu ya joto linalopita. Vinashinda pale ambapo hutaki kitu kinachozunguka na fundi hafiki. Voyager mbili (zile mashine za kuchunguza anga) zilizorushwa 1977 zinapata umeme kwa vitu vya jamii hii, silikoni na jemaniamu, na huko ziliko hakuna wa kubadilisha beringi. Halafu bei. Jemaniamu na galiamu nyingi zinatoka China, na 2023 waliweka masharti ya vibali vya kuziuza nje. Si vitu vya kubandika kwenye bomba la moshi ovyo.

JiraniMwenyeFriji

Salaam. Nimetumiwa huu uzi na mtu wa ofisini. Nasoma nati, nasoma mwembe, nasoma Voyager. Friji yangu iko wapi? Na huo wembe ulioingizwa kwenye kigae, ni kigae changu?

FundiWaSinza

Kaka, ni chako. Samahani, nilipitiwa. Kipya nimeshakununulia na nimekifunga kwa grisi ya joto pande zote mbili, pale kiwandani waliipaka robo tu ya kigae. Feni nimeisafisha. Ila sikudanganyi kama yule wa Kariakoo: friji nyingi za aina hii zinashusha digrii 15 hadi 20 chini ya joto la nje, si zaidi. Gari lililopaki juani ndani likiwa 45, soda yako itakuwa 25 na kitu. Iwashe nyumbani usiku kucha, weka soda zikiwa tayari za baridi, na usiifukie chini ya mabegi, ule upande wa feni unataka hewa.

Njoo Jumamosi asubuhi. Ukija nisaidie kufungua hii kamba kwenye nguzo, mama anataka kuanika nguo.